Mnyauko Bakteria wa Viazi: Anza na Glasi ya Maji, Si Bomba la Dawa

Mche wa kwanza ulikuwa tuta la nne, karibu na mfereji. Saa saba mchana majani yake ya juu yalikuwa yamelegea kama kitambaa kilicholowa, lakini bado ya kijani kibichi, bila doa wala unjano. Nikasema hii ni kiu. Nikachota maji mferejini, nikaumwagilia. Jioni nilipopita nikaukuta umesimama, nikajisifu moyoni. Kesho yake saa zile zile ukalala tena, nami nikaumwagilia tena. Siku ya nne haukuamka, na miche miwili iliyoufuata kwa upande wa chini, kule maji yanakoelekea, ilikuwa imeanza kuinamisha vichwa.

Kumbe nilikuwa nausukuma ugonjwa uteremke shambani kwa ndoo yangu mwenyewe. Nilikuja kulijua hilo baada ya kupoteza zaidi ya nusu ya shamba na misimu kadhaa iliyofuata. Nayaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye leo amesimama mbele ya mche wa namna ile, mkono kiunoni, akijiuliza anunue dawa gani. Usinunue kitu kwanza. Nenda kalete glasi.

Glasi, maji na kitambaa cheusi

Mnyauko bakteria una kipimo ambacho mkulima yeyote anaweza kukifanya akiwa amechuchumaa shambani. Tafuta mche ulioanza kunyauka leo au jana. Ule uliokwisha kukauka hautakuonyesha kitu. Kata shina kwa kisu safi, juu kidogo ya udongo, kisha ukate kipande chenye urefu wa kidole gumba. Jaza maji safi kwenye glasi ing'avu isiyo na maua, iweke mahali isipotikisika, usubiri maji yatulie. Kibane kipande kwa kibanio cha nguo, kisha ulaze kibanio juu ya mdomo wa glasi ili shina lining'inie wima na ncha yake ya chini iingie majini kidogo tu. Halafu ondoa mikono.

Dakika chache zinatosha. Kama ni wenyewe, utaona nyuzi nyembamba nyeupe zikishuka kutoka kwenye ncha ya shina, taratibu, zikipinda kidogo, kama moshi wa udi uliogeuzwa kichwa chini. Ukiliacha shina humo muda mrefu, maji yote yanapauka. Nyuzi hizo ni bakteria wenyewe, wengi wasiohesabika, pamoja na ute wao.

Mara ya kwanza sikuona chochote, nikafurahi. Niliiweka glasi mbele ya ukuta mweupe. Mwanangu ndiye aliyevua sweta yake nyeusi akaishika nyuma ya glasi, na pale pale tukaziona zinashuka, tatu, nne, kisha hazihesabiki. Kwa hiyo weka kitu cheusi nyuma. Na maji ya glasi usiyamwage shambani kama nilivyoyamwaga mimi siku ile kwa hasira. Yachemshe au uyatie blichi kwanza.

Baada ya shina, chimba kiazi cha mche huo huo ukikate katikati. Ndani ya kiazi, karibu na ganda, kuna mstari mwembamba unaozunguka kama pete. Kiazi kizima pete hiyo huioni kwa urahisi. Kiazi kigonjwa pete yake ni ya kahawia, na baada ya muda mfupi, mara nyingine bila hata kukibana, matone meupe mazito yanajitokeza juu yake. Ugonjwa ukiwa umekomaa huhitaji hata kisu: ute unatokea kwenye macho ya kiazi na udongo unagandia hapo, ukiusugua hautoki. Sisi nyumbani tunaviita viazi vyenye tongo, na jina hilo ndilo lililowafundisha watoto kuvitambua haraka kuliko maelezo yangu yote.

Sasa, si kila kinachonyauka ni huu. Kiu ya kweli hulaza eneo kubwa kwa pamoja, haichagui mche mmoja katikati ya wenzake wanaocheka. Mnyauko unaoletwa na ukungu huanza na majani ya chini kugeuka njano, huenda polepole, na glasi yake hubaki safi. Mguu mweusi nao ni wa bakteria, ila wa jamii nyingine: shina linaoza kuanzia chini, jeusi, linateleza, na mara nyingi linanuka. Shina likiwa limekatwa kabisa usawa wa udongo, fukua hapo hapo utamkuta sota, yule kiwavi anayekata mashina, amejikunja. Kuna pia uozo pete, ambao pete yake ndani ya kiazi hufanana na hii. Tofauti ni kwamba ukibana kiazi hutoka kitu kama jibini iliyopondeka badala ya tone linalojitokeza lenyewe. Hapo ukibaki na shaka, peleka viazi maabara. Macho hayatoshi.

Kinachotokea ndani ya shina

Kimelea chenyewe kinaitwa Ralstonia solanacearum. Mmarekani Erwin F. Smith alikieleza mwaka 1896, kikahama jina mara kadhaa hadi mwaka 1995 kilipopewa hili la sasa. Lililo muhimu kwako ni njia yake. Kinakaa kwenye udongo, kwenye maji na ndani ya mbegu. Huingia mizizini kupitia vidonda, hata vile vidogo vinavyojitokeza pale mzizi mchanga unapochomoza kwenye mzizi mkubwa. Kikishaingia kinakwenda moja kwa moja kwenye mishipa inayopandisha maji, kinazaliana humo na kutoa ute mpaka mishipa inaziba.

Ndiyo maana mche unanyauka ukiwa kijani. Maji yapo chini, ila bomba limeziba. Jioni jua likipoa majani hayadai maji mengi, kile kidogo kinachopenya kinayatosha, mche unasimama, nawe unadanganyika kwamba ndoo yako imefanya kazi. Hata hivyo usiku huo huo mizizi yake inamwaga bakteria kwenye udongo wa jirani.

Joto ndilo linalokipa nguvu. Udongo wenye unyevu na joto la nyuzi 25 hadi 30 huweza kuulaza mche ndani ya siku chache. Kwenye udongo wa baridi, wa nyuzi 15 au chini ya hapo, mche unaweza kubeba bakteria msimu mzima, ukachanua, ukazaa, usionyeshe dalili hata moja. Kumbuka maneno hayo tutakapofika kwenye mbegu, maana mimi niliangushwa hapo.

Siku unapouona

Funga maji kwanza. Kama unamwagilia kwa mfereji, ziba mlango wa shamba hilo kabla hujafanya lingine lolote. Mche mmoja ulionyauka wakati maji yanatembea kati ya matuta ni kama chungu kilichotoboka juu ya ghala.

Kisha fanya kazi zako zote za sehemu iliyo salama. Mahali penye ugonjwa ingia mwisho, ili ukitoka hapo unatoka shambani kabisa. Watu wengi hufanya kinyume: wakiona mche mgonjwa wanaukimbilia, wanaung'oa kwa mkono, wanautupa kando, wanaendelea kupalilia na mikono ile ile, jembe lile lile, viatu vile vile.

Peleka gunia lisilotoboka mpaka kwenye mche. Usiung'oe kwa kuuvuta, maana utaacha mizizi na viazi vidogo ardhini. Chimba kwa kuuzunguka, uinue mche pamoja na udongo wake, viazi vyote hata vile vya ukubwa wa punje, uingize gunia bila kukung'uta. Ule udongo unaokung'utwa ndio wenye shida. Mimi huondoa pia miche miwili ya kila upande kwenye tuta hilo, hata kama inaonekana mizima, na upande wa chini wa maji huongeza mmoja. Inauma. Mume wangu aliponiona nikichimba mche wenye maua mazuri aliniuliza kama nina homa. Ila miche hiyo mizizi yake imeshagusana na ya mgonjwa, na kuisubiri inyauke ni kumpa adui wiki ya ziada.

Gunia libebe, usiliburute. Vilivyomo vifukie kwenye shimo lenye kina cha kiuno, mbali na mfereji, kisima na mahali unapolima, au vikaushe kwenye sehemu ngumu isiyolimwa kisha uvichome. Kwenye lundo la mboji usivitie kamwe, kwa kuwa lundo la kawaida la nyumbani halishiki joto la kuaminika kila pembe, na msimu ujao utajisambazia ugonjwa kwa koleo. Mfereji, ukingo wa njia na mpaka wa jirani pia si majalala.

Lile tundu lililobaki ninalimwagia blichi iliyochanganywa na maji au kulitia chokaa, kisha ninalizungushia vijiti vinne na kamba. Sitadanganya kwamba chokaa inausafisha udongo. Kazi yake kubwa ni kunifanya nione kwa mbali pasipokanyagwa.

Vyombo vina utaratibu wao. Blichi haifanyi kazi juu ya matope. Udongo unaimaliza nguvu kabla haijamfikia bakteria. Kwa hiyo kwangua na osha jembe na viatu mpaka chuma na mpira vionekane, ukiwa ukingoni mwa eneo hilo hilo na si bombani kwako. Ndipo uviloweke kwenye sehemu moja ya blichi ya kufulia kwa sehemu tisa za maji, dakika kumi hivi. Suuza, kausha, paka chuma mafuta kidogo, la sivyo jembe litaliwa na kutu. Mchanganyiko utengeneze siku hiyo hiyo, wa jana umeshapoteza makali. Na usichanganye blichi na siki au sabuni ya chooni. Mvuke wake unaumiza mapafu.

Mimi siku ile sikufanya lolote kati ya haya. Nilisubiri siku sita nione kama itajirekebisha. Daftari langu linasema hivi: miche mitatu, kisha kumi na mmoja, kisha mvua kubwa ya usiku, kisha sitini na mitatu. Baada ya ile mvua niliacha kuhesabu.

Ukikuta ugonjwa umeshatapakaa kila upande, kung'oa hakutakuokoa, na kila hatua unayopiga humo unaueneza. Acha kupita, acha kumwagilia, na viazi vikiwa vimefikia ukubwa unaofaa, vuna mapema uokoe vilivyopo.

Mbegu ndiyo mlango

Ukinibana nichague jambo moja tu kati ya yote ninayoyasema, nitachagua hili. Mengine yanapunguza hasara. Mbegu ndiyo inayoamua kama utakuwa na ugonjwa au la.

Mbegu zangu za mwaka ule alinipa shemeji yangu, ambaye analima juu kabisa penye baridi kali. "Shemeji," aliniambia, "hizi mwaka jana hazikuniuguza hata mche mmoja." Na hakusema uongo. Viazi vilikuwa vya kupendeza, ganda laini, macho masafi, ukubwa wa yai. Nilivipasua vichache, pete haikuwa na rangi. Ila vilikuwa vimebeba bakteria wachache waliokuwa wamelala kwa sababu ya baridi. Nilipovileta kwenye udongo wangu wenye joto, wakaamka. Shemeji alikuwa na ugonjwa bila kuumwa, na mimi nikaumwa kwa niaba yake.

Kwa hiyo mbegu nzuri kwa macho si lazima iwe safi, na swali la "je, miche yako ilinyauka?" halitoshi kama muuzaji analima penye baridi. Muulize pia wenzake walioichukua mbegu hiyo kuipeleka kwenye joto walipata nini. Hilo ndilo jibu lenye maana.

Njia ya uhakika zaidi ni mbegu iliyothibitishwa, ambayo shamba lake limekaguliwa na viazi vyake vimepimwa maabara. Kupima kwenyewe si kazi ya kiazi kimoja: barani Ulaya sampuli ya kawaida ni viazi 200, na kutoka kila kimoja hukatwa kipande kidogo pale kilipokuwa kimeungana na mche. Najua mbegu ya namna hiyo ni ghali na haipatikani kila msimu. Basi usinunue ya kujaza shamba lote. Nunua kidogo, hata ya matuta machache, uizalishe mwenyewe kwenye kipande safi ambacho hakijaona kiazi wala nyanya kwa miaka kadhaa, nawe msimu unaofuata utakuwa na mbegu unayoijua ukoo wake. Mimi sasa nafanya hivyo, na kipande changu cha mbegu haingii mtu kabla ya kunawa viatu, awe mgeni au mwenye nyumba.

Mbegu yoyote mpya, hata ikitoka kwa mtu unayemwamini kama mama yako, ipande peke yake kwa msimu wa kwanza, na uipande chini kabisa ya mteremko. Ikiwa na ugonjwa, maji yatautoa nje. Ukiipanda juu, umelitilia shamba zima.

Panda kiazi kizima. Najua kiazi kikubwa kinatamanisha kukatwa vipande vitatu, kila kimoja na macho yake. Kisu kikipita kwenye kiazi kimoja kigonjwa, vipande vinavyofuata vinapakwa ute kimoja baada ya kingine. Kama huna budi, kuwa na visu viwili kwenye ndoo ya blichi, ukitumia kimoja kingine kinalowa, ubadilishe kila kiazi. Ukifanya hivyo kwa gunia moja tu utaona ilikuwa rahisi kutafuta mbegu ndogo.

Kuna jaribio moja dogo ninalolifanya siku hizi mbegu zikifika. Nachukua viazi kama thelathini bila kuchagua, naviweka kwenye kikapu mahali penye joto, wiki mbili hadi tatu, kisha navikata vyote. Kama kuna bakteria wengi, joto huwaamsha na pete huanza kupata rangi. Likitoa kigonjwa kimoja, mbegu zote hazipandwi. Likitoka safi, halijathibitisha usafi. Limenipunguzia hofu kidogo, basi.

Halafu kuna kanuni ambayo watu huibishia sana: shamba lililotoa hata mche mmoja ulionyauka kwa ugonjwa huu halitoi mbegu. Hata kwenye kona ya mbali. Hata kwenye miche uliyoiwekea alama kwa sababu ilikuwa bora. Kuchagua miche bora kunasaidia sana dhidi ya magonjwa ya virusi, lakini huyu hajifichui kwa majani.

Aina zinazostahimili zipo, na husaidia kupunguza hasara. Hakuna isiyoshikika kabisa, na ile inayostahimili ina hatari ya mbegu za shemeji: inabeba bila kuonyesha.

Udongo, maji na wageni wasioalikwa

Shamba lililougua lisione kiazi, nyanya, biringanya wala pilipili kwa misimu mingi, miaka miwili ikiwa ndiyo kiwango cha chini na mitatu au zaidi ikiwa bora. Hao wote ni ukoo mmoja na wote hushikwa. Wakulima wengi hutoa viazi wakaweka nyanya, wakidhani wamebadilisha zao. Weka mahindi, ngano, shayiri, nyasi za mifugo, vitunguu, kabichi au karoti. Tumbaku isiwemo, nayo ni ya ukoo huo huo. Karanga na tangawizi hushikwa na jamii nyingine za kimelea hiki, kwa hiyo mimi huziacha pia.

Lakini kubadilisha mazao kuna mwanya mmoja unaoweza kufuta faida yake yote, nao ni maotea. Kila mavuno huacha viazi vidogo ardhini, navyo huchipua katikati ya mahindi. Mtu anaviona, anasema "bahati", anaviacha avile baadaye. Kila kimoja ni nyumba ya wageni ya bakteria, inayofunguliwa upya kila msimu. Miaka miwili ya mahindi yenye maotea ni sawa na miaka miwili ya viazi. Mimi hupita na kijembe baada ya mvua ya kwanza, na tena wiki ya tatu, nikichimbua kila chipukizi pamoja na kiazi chake. Ng'oa pia mnavu wa kujiotea na muranaha, hasa kando ya mfereji.

Uholanzi walikiona cha moto mwaka 1995 ugonjwa huu ulipozuka kwenye viazi vyao. Mito na mifereji ilikutwa na bakteria, na mmea mmoja wa jamii ya mnavu unaoota kingoni, mizizi ikiwa majini, ndio uliokuwa unawahifadhi. Umwagiliaji wa viazi kwa maji hayo ukapigwa marufuku kwenye maeneo yaliyoathirika, na mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ukatoa sheria mahususi ya kuudhibiti ugonjwa huu. Nasimulia hili kwa sababu majirani wangu hudhani maji yanayotembea ni masafi. Maji yanayotembea yanatoka kwa mtu.

Kama uko chini ya mteremko, chimba mtaro juu ya shamba lako unaogeukia pembeni, ili maji ya mvua ya jirani yapite kando. Ukiweza kumwagilia kwa matone au kwa maji ya kisima, bora zaidi.

Minyoo fundo nayo usiisahau. Hutoboa mizizi na kuiachia vidonda, bakteria wanapita bila kubisha hodi. Ukichimba mizizi ukakuta vinundu vingi, unapambana na wawili, na kulaza shamba chini ya nafaka au nyasi huwapunguza wote. Kwa sababu hiyo hiyo ya vidonda, mimi huinua matuta makubwa siku ya kupanda, kisha napalilia mara moja tu, mapema, kwa mkono mwepesi. Jembe linaloingia karibu na shina miche ikiwa imechanua linakata mizizi mingi kuliko magugu.

Kuhusu dawa

Hakuna ya kuponya mche ulionyauka. Dawa za ukungu haziui bakteria. Za shaba hubaki juu ya majani, na adui yuko ndani ya mishipa. Za antibiotiki hazifiki kwa kiasi cha kutosha, na zikitumika ovyo zinazalisha bakteria sugu. Nchi nyingi haziruhusu kumwagwa shambani. Nilipulizia bomba tatu mwaka ule, kila moja kwa ushauri wa mtu tofauti aliyekuwa na uhakika. Nilichopata ni kutembea shamba zima mara tatu na viatu vyenye matope.

Kwenye kitalu kidogo, kulaza karatasi ya nailoni ing'avu juu ya udongo uliolowa, wiki nne hadi sita za jua kali, hupunguza bakteria wa tabaka la juu. Kwa shamba kubwa ni ndoto.

Wakati wa kuvuna

Vuna siku kavu. Anza na upande ulio mzima, umalizie penye ugonjwa, na magunia yasichanganywe. Viazi vyenye tongo au vinavyotoa maji viondolewe shambani, kwa sababu kimoja kikioza ghalani huloweka vya chini yake, na bakteria wengine wa kuozesha hukidandia.

Viazi vizima vya shamba hilo vinalika. Bakteria huyu ni wa mimea. Uza vya kula kama vya kula na umwambie mnunuzi wazi kwamba si vya kupanda. Maganda yake usiyamwage bustanini wala kwenye samadi. Kama ni ya mifugo, yachemshe kwanza. Magunia yaliyobeba viazi hivyo yasirudi kubeba mbegu, hata yakifuliwa.

Tuta la nne sasa lina mahindi, huu ni msimu wa tatu. Juzi nilikuta chipukizi moja la kiazi limejificha nyuma ya shina la hindi, pale pale nilipomwagilia siku ile, majani yake mazuri kabisa. Mwanangu akaleta glasi na, bila kuambiwa, sweta nyeusi. Tukasubiri robo saa. Maji yalibaki safi. Tukachimba chini mpaka tukakipata kiazi chenyewe, kidogo kama gololi, tukakitia kwenye gunia pamoja na udongo wake.